Steringi Hafi, Steringi Anakufa, Steringi Anatia Saini: Uanze na Hadithi Ipi ya Majaribio kwa Binadamu?

Mtu akiniomba nimpendekezee hadithi ya kisayansi ya kutisha, "zile za madaktari wanaojaribia watu", sikurupuki kumtajia jina. Namuuliza kwanza: unataka moyo ukudunde kwa saa mbili kisha ulale fofofo, au unataka kitu kitakachokurudia wiki nzima ukiwa unaosha vyombo? Ni mahitaji mawili tofauti, ingawa yanawekwa kwenye rafu moja. Wengi wanaoniambia kwamba aina hii ya hadithi "haina jipya" walipewa ya kwanza huku wakiitamani ya pili, au kinyume chake.

Nimeweka mezani tano. Kuna filamu The Island ya 2005. Kuna riwaya Never Let Me Go ya mwaka huohuo, pamoja na filamu yake ya 2010. Kuna filamu Spiderhead ya 2022 na hadithi fupi iliyoizaa. Kuna riwaya Flowers for Algernon ya 1966. Na yupo babu yao wote, The Island of Doctor Moreau ya 1896. Sitazigawia nyota wala alama. Kipimo changu ni kimoja na nitakirudia mpaka unichoke: nani alisema "ndiyo", na aliposema, alijua anakubali nini? Nimeshasoma na kutazama nyingi za aina hii, na nimegundua kwamba mhusika aliyefungwa kamba kitandani hunitisha kwa dakika kumi. Yule aliyepanda kitanda mwenyewe, akavua viatu na kuvipanga vizuri chini, ndiye hunikosesha raha.

Kuhusu kutoboa siri: nitaeleza mwanzo na sehemu za katikati, miisho nitaipita kwa mbali. Never Let Me Go haina siri kubwa ya kutoboa, kwa sababu mwandishi mwenyewe anakuonyesha kaburi mapema kisha anakuomba utembee naye taratibu kulielekea.

Mapacha wa 2005

The Island na Never Let Me Go zilitoka mwaka mmoja, na wazo la msingi ni lilelile: watu waliotengenezwa wakiwa nakala za watu wengine, ili viungo vyao vije vitumike kama vipuri. Ukiwasimulia watu wawili wazo hilo kwa sentensi moja, wataapa umeeleza kazi moja. Kumbe hakuna hadithi mbili zilizo mbali zaidi ya hizi.

Ya kwanza iliongozwa na Michael Bay, na anayejua kazi za Michael Bay anajua milipuko inakuja. Lakini kwa karibu saa nzima ya mwanzo hakuna mlipuko. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wamevaa nguo nyeupe, mkojo wao unapimwa na choo chenyewe kila asubuhi na wanapangiwa chakula kutokana na majibu. Wameambiwa kwamba dunia ya nje imechafuka na haikaliki. Tumaini lao ni bahati nasibu: anayeshinda anapelekwa kisiwani, mahali pekee palipobaki salama. Wanashangilia mshindi akitangazwa. Wanamkumbatia, wanamuaga.

Kinachoubomoa uongo huu ni mdudu. Lincoln Six Echo, aliyechezwa na Ewan McGregor, anamkuta mdudu mwenye mabawa akiwa hai, akajiuliza swali ambalo hata mtoto wa darasa la pili angeuliza: kama nje hakuna kinachoishi, huyu katokea wapi? Anamfuata. Anachokikuta ni kwamba safari ya kisiwani inaishia kwenye meza ya upasuaji, kwa sababu tajiri aliyelipia nakala ile sasa anahitaji kiungo chake.

Ridhaa hapa haipo hata chembe. Waliotengenezwa wamedanganywa kuhusu kila kitu, hata kuhusu furaha yao. Ila kuna uongo wa pili ambao filamu inaupitia haraka mno, na kwangu ndio utamu wake. Wateja nao wamedanganywa. Wao wanaambiwa kwamba nakala zao hazina fahamu, zimelala tu kama mboga, ili matajiri walale bila kusutwa na dhamiri. Daktari Merrick, anayechezwa na Sean Bean, anajua kwamba mwili usio na akili inayoishi ndani yake haukutoa viungo vinavyofaa. Kwa hiyo biashara yote inasimama juu ya wateja wasiouliza maswali. Ningeitazama filamu nzima kuhusu mteja mmoja tu aliyeamua kuuliza.

Badala yake, nusu ya pili ni mbio. Magurudumu mazito ya treni yanadondoshwa kutoka kwenye lori katikati ya barabara kuu, magari yanaruka kama viberiti. Ikiwa hicho ndicho ulichokuja kutafuta, utashiba. Filamu iligharimu takriban dola milioni 126, na ndani ya Marekani ikaingiza kama milioni 36 tu, jambo ambalo sioni lilistahili. Kuna filamu dhaifu zaidi ya hii zilizotajirisha watu. Anayenibakia akilini kutoka kwenye vurugu zile ni Albert Laurent, mwindaji wa kukodiwa aliyechezwa na Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin. Mkononi ana alama ya chuma cha moto. Anasimulia kwamba alipigwa alama hiyo Burkina Faso baada ya baba yake kuuawa, ili watu wakimwona wajue kwamba yeye ni pungufu ya mtu. Sekunde chache tu za maneno, na ghafla filamu ya kukimbizana inakuwa na uzito wa jiwe. Kisha magari yanaanza kuruka tena.

Wanaopenda kuhoji sayansi watacheka kidogo. Kondoo Dolly, aliyezaliwa Scotland Julai 1996, alizaliwa mwanakondoo kama wengine wote. Hakutoka maabara akiwa kondoo mzima mwenye kumbukumbu za malisho ya mwenziwe. Katika The Island nakala zinatoka zikiwa watu wazima, tena zinaanza kuota ndoto za wenyewe wa asili. Hiyo ni hadithi tu. Lililo kweli ni msingi wa biashara: mwili haukikatai kiungo cha mtu anayefanana nawe kwa damu na chembe zote. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa kabisa, Boston, Desemba 1954, ulifanyika kati ya mapacha wa kufanana.

Na usidhani bahati nasibu ile imetiwa chumvi. Kuanzia 1932 hadi 1972, katika kaunti ya Macon, jimbo la Alabama, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 600, kati yao 399 wakiwa na kaswende, ili kuona ugonjwa unavyokwenda usipotibiwa. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Walipewa usafiri wa kwenda kliniki, mlo wa moto siku ya kupimwa, na fedha za mazishi iwapo familia ingeruhusu maiti ipasuliwe. Penisilini ilipothibitika kuwa ndiyo dawa, mwishoni mwa miaka ya 1940, wao hawakupewa. Walikuwa wakishukuru, maana walidhani wamebahatika.

Sasa geuka upande wa pacha wa pili.

Never Let Me Go ya Kazuo Ishiguro, ambaye mwaka 2017 alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, inasimuliwa na Kathy H., mwanamke wa miaka 31. Kazi yake ni kuwahudumia wagonjwa, ameifanya kwa zaidi ya miaka kumi na moja, na anaanza kwa kujisifu kidogo kwamba anaiweza. Anakumbuka shule yake ya bweni, Hailsham, huko Uingereza: viwanja vya michezo, masomo ya kuchora, ugomvi wa wasichana juu ya nani rafiki wa nani. Hakuna ukuta wala bunduki. Kuna walimu wanaowapenda, kwa namna yao.

Na kuna maneno. Mtu anayetolewa kiungo "anachangia". Mtu anayekufa kwa kutolewa viungo "anakamilika". Hakuna hata mmoja anayesema "kuuawa", kwa sababu hakuna aliyewafundisha neno hilo kama linawahusu. Mwalimu mmoja, Miss Lucy, anavunjika moyo kwa kuona kwamba watoto wameambiwa bila kuambiwa: kila kweli walipewa mapema kidogo kabla hawajaweza kuielewa, hivyo ilipofika siku ya kuielewa tayari ilikuwa imezeeka vichwani mwao. Hakuna aliyesema "ndiyo" na hakuna aliyesema "hapana", swali lenyewe halikuwahi kuulizwa. Sijasoma maelezo makali zaidi ya haya kuhusu namna mtu anavyoweza kulelewa mpaka akubali jambo.

Kuna tukio moja la kurasa chache ambalo ndilo ningemsomea mtu dukani ili aamue kununua. Kathy, bado mtoto, yuko peke yake bwenini na kaseti yake. Wimbo unaimba usiniache, na yeye ameuelewa kwa namna yake: kwamba kuna mwanamke aliyeambiwa hatapata mtoto, kisha akampata, naye anambeba kwa hofu ya kumpoteza. Kathy anakumbatia mto, amefumba macho, anacheza polepole. Akifumbua, mlangoni amesimama mgeni anayetembeleaga shule, wanamwita Madame, analia. Mtoto haelewi. Wewe msomaji unadhani umeelewa. Miaka mingi baadaye Madame anaeleza alichokiona, na unagundua ulikosea.

Lalamiko kubwa dhidi ya riwaya hii nalijua, maana nimelisikia mara nyingi: "Mbona hawakimbii?" Steringi hafi, tumezoea; anapigwa, anavuja damu, dakika ya mwisho anainuka. Hapa hakuna anayeinuka. Mimi nadhani kukosekana kwa kukimbia ndiko kisa chenyewe, na anayesoma akingoja uasi uanze atafunga kitabu akiwa amekasirika. Filamu ya 2010, iliyoongozwa na Mark Romanek kwa mswada wa Alex Garland, iliogopa swali hilo kidogo ikawavalisha wahusika bangili za kielektroniki wanazozigusisha ukutani wakitoka na kuingia. Kosa dogo, lakini ni kosa. Bangili inakupa jibu rahisi, na kitabu kilikuwa kimekunyima jibu makusudi. Vinginevyo filamu ni nzuri sana. Carey Mulligan anaubeba uso wa Kathy kwa utulivu unaouma, na maandishi ya mwanzo yanatosha kukuwekea dunia nzima: ugunduzi wa kitabibu wa 1952, na kufikia 1967 watu kuishi zaidi ya miaka 100. Hakuna anayesema umri huo ulilipiwa na nani. Unakaa ukisubiri.

Kwa hiyo kati ya mapacha: ukiwa na watu wanne sebuleni, wawili kati yao wameshika simu, weka The Island. Ina dakika 136, haichoshi, na vijana wa kuanzia miaka 13 wanaweza kuwemo. Ukiwa peke yako na una siku tatu, soma Ishiguro. Kiingereza chake ni chepesi, sentensi ni za mtu anayepiga soga, hutahitaji kamusi. Filamu yake iweke akiba kwa baadaye; ukiitazama kwanza, kitabu kitakuja na sura za waigizaji, na ile namna Kathy anavyoteleza kutoka kumbukumbu moja hadi nyingine itakupita.

Gereza lisilo na makufuli

Spiderhead inawafaa wanaotaka kitu katikati: si mbio mtindo mmoja, si ukimya mtupu. Iliongozwa na Joseph Kosinski, ikatoka Netflix Juni 2022, na ina dakika 107. Wafungwa wamekubali kuhamia kwenye kituo cha utafiti kilicho kando ya maji, jengo la kisasa, milango wazi, vitafunio vya bure. Kama malipo ya hayo wanavaa kifaa mgongoni, karibu na kiuno, na ndani yake kuna vichupa vya dawa za majaribio. Steve Abnesti, anayechezwa na Chris Hemsworth akitabasamu kama mwenye hoteli, anaongeza na kupunguza dozi kwa simu yake ya mkononi.

Dawa zina majina ya kibiashara ya kuchekesha. Luvactin inakufanya umpende yeyote aliye mbele yako, umpende kweli, kwa robo saa. Verbaluce inakufungulia ulimi mpaka unaongea kama mshairi. Darkenfloxx sitaieleza, jina lenyewe lina giza, na ukiona mtu wa kwanza akitiwa utajua kwa nini wafungwa wakiisikia wanabadilika rangi.

Nakuomba utege sikio kwenye neno moja. Kabla ya kila dozi, sheria za kituo zinataka mfungwa atamke "acknowledge". Bila neno hilo dawa haitiririshwi. Nimehangaika kulitafutia Kiswahili chake, na kila nikijaribu naona kwamba limekaa kati ya "nimesikia" na "nimekubali". Kisheria Abnesti analichukua kama la pili, na mfungwa akilitamka kwa unyonge ni kama la kwanza. Filamu yote inaishi kwenye mwanya huo. Je, mfungwa anayejua kwamba akikataa atarudishwa kwenye gereza la kawaida anaweza kweli kukubali kitu?

Swali hilo halikutungwa na waandishi wa filamu. Katika gereza la Holmesburg, Philadelphia, kuanzia 1951 hadi 1974, wafungwa walifanyiwa majaribio ya dawa na vipodozi kwenye ngozi zao, wakilipwa fedha ambazo kwa mtu aliye gerezani zilikuwa nyingi. Walitia saini. Kanuni ya Nuremberg ya 1947, iliyoandikwa baada ya kesi ya madaktari wa Kinazi, ilikuwa tayari imeweka ridhaa ya hiari kuwa sharti la kwanza kabisa kati ya masharti kumi. Karatasi zilikuwepo, saini zilikuwepo.

Tukio la kati la Spiderhead ni chumba chenye wanawake wawili nyuma ya kioo, na Jeff, anayechezwa na Miles Teller, akiulizwa ni yupi kati yao atiwe Darkenfloxx. Anajibu kwamba hawezi kuchagua. Abnesti haonyeshi hasira. Anashawishi, anataja sayansi, anataja itifaki, anataja wakubwa wake wasioonekana. Waliosoma saikolojia watakumbuka jaribio la Stanley Milgram katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1961, ambapo watu 26 kati ya 40 walifika swichi ya mwisho, volti 450, wakiamini wanamwumiza mtu, kwa sababu tu mwanamume mwenye koti la maabara aliwaambia kwa upole waendelee. Kule umeme ulikuwa wa uongo. Hapa dawa ni ya kweli.

Theluthi ya mwisho inaharibika. Inaanza ngumi, inaanza kufukuzana, na maswali yote mazuri yanasukumwa pembeni ili yapishe vifaa vya kutoroka. Hapo ndipo ninapompa mtu hadithi fupi ya George Saunders, iliyochapishwa katika jarida la The New Yorker mwaka 2010. Unaimaliza kwa kikao kimoja. Inakwisha kwa njia tofauti kabisa na filamu, na tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba unaweza kutazama filamu kwanza bila kujiharibia chochote. Saunders hakumwachia Jeff mlango rahisi. Tahadhari ndogo: kwa sababu ya kazi ya Luvactin, filamu hii usiiweke mbele ya watoto, wala mbele ya wakwe.

Babu yao, kwa ufupi

The Island of Doctor Moreau ya H. G. Wells ni nyembamba, na hakimiliki yake imekwisha katika nchi nyingi, kwa hiyo unaipata bure na kwa halali. Edward Prendick ananusurika kwenye ajali ya meli, anaishia kisiwani kwa daktari anayewapasua wanyama wakiwa hai ili awafanye watu. Uingereza ilikuwa imepitisha sheria ya kudhibiti majaribio ya kuwakata wanyama hai mwaka 1876, na ugomvi juu ya jambo hilo ulikuwa bado moto Wells alipoandika. Mwenyewe alisoma biolojia. Viumbe vyake vinakaa gizani vikikariri sheria: tusitembee kwa miguu minne, tusinywe kwa kulamba, sisi si watu? Chumba cha upasuaji wanakiita Nyumba ya Maumivu.

Kwa kipimo changu cha ridhaa, hapa hakuna la kupima, maana mnyama hana pa kusemea "ndiyo". Kitabu kinatisha kwa damu na vilio zaidi kuliko kwa mawazo, na lugha yake imezeeka. Kichague ukitaka kujua mengine yote yalitoka wapi. Filamu zake? Ya 1932 ilipigwa marufuku Uingereza hadi 1958, na bado inatazamika. Ya 1996 ilibadilisha mwongozaji siku chache tu baada ya kuanza kupigwa, na inaonekana.

Aliyetaka mwenyewe

Nimemwacha Charlie Gordon mwisho kwa sababu ndiye ninayemtoa kwa mtu akiniambia ana nafasi ya kitabu kimoja tu.

Flowers for Algernon ya Daniel Keyes ilianza ikiwa hadithi fupi mwaka 1959, ikapata tuzo ya Hugo mwaka uliofuata, kisha ikakua ikawa riwaya 1966. Charlie ana miaka 32, anafanya kazi katika duka la kuoka mikate, na kipimo cha akili yake ni 68. Wanasayansi wamemfanyia upasuaji panya mmoja, Algernon, akawa na akili kupita panya wote. Sasa wanatafuta mtu. Charlie ndiye anayewasihi wamchague. Anataka kusoma, anataka wenzake kazini wazungumze naye kama wanavyozungumza wao kwa wao. Wanamshindanisha na Algernon: panya anakimbia kwenye mzingile wake, Charlie anafuatisha mzingile wa karatasi kwa penseli. Panya anamshinda. Charlie anamchukia kidogo, halafu anampenda.

Hapa hakuna aliyetekwa, hakuna aliyedanganywa kwa bahati nasibu, hakuna gereza. Mhusika anaitaka operesheni kuliko madaktari wanavyoitaka. Lakini karatasi ya ruhusa imetiwa saini na dada yake, kwa sababu kisheria Charlie hawezi kujisemea. Angalia mtego ulivyokaa: mtu pekee atakayeweza kuelewa kikamilifu alichokubali ni Charlie wa baada ya upasuaji, na yule hawezi tena kukataa. Wakati Keyes anaandika, katika shule ya Willowbrook, New York, watoto wenye ulemavu wa akili walikuwa wakiambukizwa homa ya ini kwa makusudi ili ugonjwa uchunguzwe. Wazazi walitia saini. Kuna kipindi shule ilijaa ikafunga milango, isipokuwa wodi ya utafiti.

Na wanasayansi wa Keyes si mashetani. Profesa Nemur ana haraka ya sifa, ana mke anayemsukuma, anaogopa mwingine asimtangulie. Kosa lake kubwa ni la maneno: anamzungumzia Charlie mbele ya watu kana kwamba kabla ya upasuaji hakukuwa na mtu pale. Charlie, ambaye sasa ana akili za kupima 185, ameketi jukwaani anasikiliza, na Algernon yuko kando yake kwenye kizimba. Katika hadithi hizi zote tano sijakuta chumba cha majaribio kinachotisha kama ukumbi ule wa mkutano, wenye viti safi na watu waungwana.

Kuna kumbukumbu moja inayouma zaidi. Kabla ya upasuaji, Charlie anaandika kwa furaha kwamba wenzake wa kazini ni marafiki wa kweli, wanacheka naye sana. Kadiri akili inavyopanuka anaanza kukumbuka vicheko vile kimoja kimoja, na kuelewa walikuwa wanacheka nini. Hakuna aliyemwambia kwenye ile karatasi kwamba atapokea na hayo.

Kitabu chote ni ripoti anazoandika mwenyewe, kwa mkono wake na akili aliyonayo siku hiyo. Hilo ndilo linalowashinda wengine mlangoni. Nilimwazima rafiki yangu nakala yangu, kesho yake akanitumia ujumbe: "Hiki kitabu chako ni chapa feki, ukurasa mzima maneno yamekosewa." Nikamjibu asonge mbele. Siku mbili kimya. Ya tatu akaandika kwamba makosa yamekwisha, na kwamba sasa yeye ndiye anayetafuta kamusi. Ya tano, saa nane usiku, simu ikalia tena: "Makosa yameanza kurudi."